Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Rangi Inayovuna Jua

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa, sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi tunakukaribisha shuleni kwetu. Tunajua una majukumu mengi, na kufika kwako kumetupa moyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mezani mbele yako kuna seli mbili za jua tulizotengeneza wenyewe. Tulisaga unga mweupe wa titani oksaidi, uleule unaotiwa kwenye rangi za kuta, tukauchanganya na siki, tukaupaka kwenye kioo kinachopitisha umeme na kuuoka juu ya jiko la gesi mpaka ukashika. Kioo kimoja tukakichovya kwenye maji ya choya, kingine kwenye kijani cha mchicha tulichokamua kwa spiriti. Tukavifunika kwa vioo vilivyopakwa masizi ya mshumaa, tukadondosha aidini katikati, tukabana kwa klipu.

Jua la saa sita lilipowaka, seli ya choya ilisoma volti 0.4 kwenye mita. Ya mchicha ilikuwa chini mno, na hiyo ndiyo iliyotunyima usingizi. Jani linaishi kwa jua. Iweje lishindwe na choya?

Tulikuja kuelewa hivi. Mwanga ukiipiga rangi, elektroni huruka, huingia kwenye unga ule mweupe na kutoka kwa njia ya waya, halafu aidini huirudishia rangi elektroni iliyopotea. Rangi ya choya hung'ang'ania unga. Klorofili, yaani kile kijani cha mchicha, haina mkono mzuri wa kushikia, kwa hiyo elektroni yake haina pa kwenda.

Klorofili ni ya ukoo wa porifirini: pete ya kaboni yenye naitrojeni nne zinazoshika metali katikati. Kwenye jani metali hiyo ni magnesiamu. Pete ya jamaa yake, iliyomo katika damu yetu, imeshika chuma. Wakemia wameweka zinki, wakaipa pete mkono wa asidi wa kushikia unga, na upande wa pili sehemu inayosukuma elektroni kuelekea huko. Wakaongeza mikia mirefu ili pete zisilaliane.

Seli za aina hii zilijulikana mwaka 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel walipoandika kuhusu seli yao iliyogeuza takribani asilimia 7 ya nishati ya jua kuwa umeme, ikitumia rangi ya rutheni, metali adimu na ghali. Mwaka 2011 watafiti wa Uswisi na Taiwan walifika asilimia 12.3 kwa porifirini ya zinki. Hata hivyo, porifirini hiyo haikunasa vizuri mwanga wa kijani, ikabidi isaidiwe na rangi nyingine. Mwaka 2014 ikapatikana porifirini iliyofika asilimia 13 peke yake. Sola za silikoni za madukani hupita asilimia 20, hatulifichi hilo. Lakini seli za rangi hufanya kazi vizuri hata kwenye mwanga hafifu wa ndani ya nyumba.

Na porifirini hutoa mwanga pia. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliweka platini katikati ya pete wakapata taa nyembamba inayowaka nyekundu, na utafiti ule ulifungua njia ya vioo vya simu tulizonazo leo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, vioo vinavyopitisha umeme tunavyo vinne tu. Kila jaribio jipya hutulazimu kukwangua na kuosha la jana, na kimoja kimeshapata ufa. Tunaomba utusaidie kupata vioo 20 na mizani moja ya dijitali, kwani sasa tunapima unga kwa kijiko. Tunaomba pia siku moja ya kutembelea maabara ya kemia ya chuo kikuu, tuone porifirini halisi kwa macho yetu.

Jua bado liko juu. Tukishamaliza, tunakuomba usogee mezani ushike mita mwenyewe, uanze na ile ya mchicha.

Tunaomba kuwasilisha.