Pumzi ya mgonjwa izingatiwe katika tibamionzi ya ini

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo wagonjwa wengi wa saratani ya ini wanaotibiwa kwa mionzi hawaelezwi: ini halitulii. Mtu anapovuta pumzi, diaframu, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hulisukuma chini, na anapoitoa hurudi juu, mara nyingi kwa sentimita 1 hadi 2, kiasi kwamba uvimbe uliolengwa huweza kuponyoka mionzi huku sehemu ya ini yenye afya, au utumbo ulio jirani, ikiunguzwa bure.

Njia za kukabiliana na hali hiyo zipo. Picha za CT, yaani za eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, zinazofuata mzunguko wote wa pumzi huonyesha uvimbe unasogea kiasi gani; kisha mgonjwa hufungwa mkanda wa kubana tumbo, au mionzi huwashwa pale tu pumzi inapofika kiwango kilichopangwa, au huombwa azuie pumzi kwa sekunde 15 hadi 20, hasa baada ya kuitoa, kwa kuwa hapo ini hurudi karibu mahali palepale. Mwongozo wa wanafizikia tiba wa Marekani wa mwaka 2006 ulipendekeza hatua zichukuliwe mwendo unapozidi milimita 5.

Kinachonisikitisha ni mgonjwa, pengine mwenye tumbo lililojaa maji, kuamriwa azuie pumzi kwa mara ya kwanza akiwa tayari amelazwa chini ya mashine. Afundishwe mapema, apewe muda wa mazoezi, na akishindwa atafutiwe njia nyingine. Naye asione haya kumuuliza daktari ni ipi iliyochaguliwa kwake na kwa nini.

Msomaji wako