Risala ya mafundi wa kuchomelea wa Unga Limited kwa mgeni rasmi, kufunga mafunzo ya usalama kazini, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, viongozi wa mtaa, wakufunzi wetu, mafundi wenzetu na vijana mnaojifunza kazi.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali kufunga mafunzo haya hapa hapa karakanani, katikati ya mageti na fremu za madirisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu kazi hii tumeipata kwa kutazama mikono ya waliotutangulia. Kuunga chuma tulifundishwa, kujilinda, hapana. Somo lililotugusa zaidi ni la grenda, mashine ya kukatia na kusagia chuma. Diski ndogo zikiisha, kijana hufungua kinga na kufunga diski ya inchi 9 kwenye mashine ya inchi 4 na nusu, apate kukata kwa kina. Mkufunzi alitusomesha maandishi ya diski yenyewe: ile kubwa haitakiwi kuzidi mizunguko kama 6,600 kwa dakika, na mashine ile ndogo huzunguka kama 11,000. Ikipasuka, kipande hakichagui fundi wala mama aliyekuja kuulizia geti lake.

Tumejifunza pia kuwa bomba la galvanaizi, yaani lililopakwa zinki, likichomelewa hutoa moshi wa zinki, na jioni fundi hushikwa na homa na kutetemeka, akaenda kupima malaria. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Kuhusu kupaka grisi kwenye valvu ya oksijeni na kuchomelea mapipa yaliyowahi kubeba petroli, mambo yanayoweza kuleta mlipuko, tumekubaliana kwa kauli moja: hatugusi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, linalotuuma ni kijana anayeshikilia chuma wakati fundi anachomelea. Kofia ya kuchomelea ni ya fundi. Yeye huvaa miwani ya jua au hugeuza uso tu. Usiku macho yaliyopigwa na mwanga wa kuchomelea humwasha kama yamejaa mchanga. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na kijana huyu hana mkataba wowote. Sisi tunasema wazi mbele yako: mwajiri wake ni sisi, na wajibu huo tunaubeba.

Ila kipato chetu ni kidogo. Tunaomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya Halmashauri ihesabu kofia, glavu za ngozi na aproni kuwa vitendea kazi, sawa na mashine. Tunaomba wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, watutembelee kutufundisha kabla ya kututoza faini. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ituletee masomo ya jioni hapa mtaani, kwani fundi akifunga karakana mchana, nyumbani hakuliki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.