Sio mvivu, naumwa

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Nina miaka 26, nakaa Mbagala, na huu mwaka wa tatu mwili unaniuma kila siku, mabega, kiuno, magoti, halafu uchovu wenyewe sio ule wa kulala ukaamka freshi, unalala masaa tisa unaamka kama ulikuwa unabeba zege usiku kucha. Nimepimwa malaria, taifodi, eksirei, vyote safi, mpaka nesi mmoja akaniambia nitafute mchumba. Daktari wa mwisho ndo kasema ni faibromayaljia, haionekani kwenye vipimo maana shida ipo kwenye jinsi ubongo na neva zinavyopokea maumivu. Kanipa dawa inaitwa amitriptilini, kidogo ya usiku, na nitembee taratibu kila siku nisijilaze tu. Inasaidia, ila sio sana. Balaa lipo kwenye daladala, nimekaa siti na mama mtu mzima kasimama, macho yote kwangu, kijana mzima huyu! Juzi nimeshindwa hata kukamua jinzi nikaianika inachuruzika hivyohivyo. Andikeni kuhusu huu ugonjwa jamani, hata nusu ukurasa, nikambandikie bosi wangu ofisini.

Msomaji wenu, Dar es Salaam