Usiukate mruka kwa ajili ya wageni

Uru, Moshi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka mlimani. Sisi huku ni wazima, ila baridi ya Julai imetubana na kahawa ndiyo inaanza kuiva. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Kwamba unataka kurudi nyumbani na kupokea wageni kwenye kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, alichokuachia marehemu baba, nimefurahi mno. Lakini kwamba umeshauriwa ung'oe kahawa yote ya nyuma ya nyumba, ukate miti ya kivuli, mruka na mringaringa, halafu uoteshe nyasi za bustani na kujenga vibanda vya kulala, hilo limeninyima usingizi. Ndiyo maana nakuandikia kabla hujamlipa fundi.

Mgeni anayetoka Ulaya anafuata nini huku? Nyasi zilizofyekwa vizuri ameziacha kwao. Anachokuja kuona ni kile ambacho mimi na wewe tulizaliwa ndani yake tukakizoea: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa kwenye kivuli cha migomba, na chini kabisa magimbi na maharage, huku viazi vikuu vikipanda kwenye mashina. Wazee wetu wamelima hivyo kwa karne nyingi, kahawa ikaja kuongezwa baadaye, bila kuichosha ardhi. Mwaka 2011 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliweka kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha ya mifumo ya urithi wa kilimo duniani, na Shimbwe Juu ni jirani zetu hapa hapa Uru.

Unakumbuka yaliyotokea baada ya 1989, mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika na bei ikaporomoka? Watu waling'oa kahawa wakapanda mahindi na nyanya, miti ikageuzwa mbao. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo, maana ada za shule hazisubiri. Lakini pita kwenye vihamba vile kipindi cha jua kali: udongo mkavu, mvua ya masika ikipiga unateremka wote mtoni. Sasa wageni wanatupa kipato ambacho bei ya kahawa peke yake haikutupa. Itakuwa ajabu kubwa kipato hicho hicho kikitumalizia miti iliyobaki.

Nikueleze wageni wanavyopita kwangu. Tunaanza kwa kuchuma, buni nyekundu tupu, na hapo tu wanajifunza kwamba buni za mti mmoja haziivi zote siku moja. Kisha wanazungusha mashine ya kumenyea kwa mkono. Maganda yanayotoka hayatupwi. Wanayabeba wenyewe kwenye ndoo hadi kwenye shimo la mboji, pamoja na samadi ya ng'ombe wa ndani. Kahawa iliyokwisha kukauka tunaitwanga kwenye kinu, tunaikaanga kwenye chungu juu ya mafiga, tunatwanga tena, tunakunywa. Maporomoko ya Materuni wanayapenda, kweli, lakini hapa kwenye chungu ndipo simu zinapowekwa chini.

Baada ya kahawa nawapeleka kwenye mgomba. Nafunua matandazo, yale majani makavu na vipande vya shina tunavyolaza chini, nachota udongo na kuwapa mkononi. Ni mweusi, unyevu, nyungunyungu wanajiviringisha ndani yake, hata kama mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa. Kisha naokota mwingine kwenye njia inayokanyagwa kila siku, mwekundu na mgumu kama tofali. Sihitaji hotuba. Swali linalofuata huwa ni lile lile: majani haya mnayatoa wapi na nani anayakata? Hapo ndipo ninapowaeleza kuhusu akina mama wanaobeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare, na kwa nini sehemu ya fedha wanayolipa wageni inakwenda kwa akina mama hao.

Ushauri wangu basi ni huu. Shamba liwe mwenyeji, nyumba ifuate. Jenga vyumba viwili tu, pale palipokuwa banda la zamani la ng'ombe, ambapo hakuna mti wa kukatwa. Kahawa iliyozeeka badilisha kidogo kidogo kwa miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa ya Lyamungo, inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na mgeni akitaka apande mche mmoja kwa mkono wake. Chakula kitoke kihambani: vyakula vya ndizi kama machalari, mtori na kiburu, na pombe ya mbege kwa anayetaka kuonja. Ukinunua kila kitu mjini, fedha ya mgeni inarudi mjini jioni ile ile.

La maji ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Mfongo wenu, ule mfereji wa jadi, unamwagilia kwa zamu, na walio chini yako wanategemea unachokiacha kipite. Bafu za wageni zikinywa zamu ya majirani, utapata uadui ambao hakuna dola itakayoufuta. Kaa na wazee wa mfongo kwanza, vuna maji ya mvua kwenye mapaa, na changia ukarabati wa mfongo kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Na usitegemee wageni kwa kila kitu. Mwaka 2020 corona ilipozuia ndege, sikumwona mgeni hata mmoja kwa miezi. Migomba ilizaa, maharage yalizaa, ng'ombe alikamuliwa, tukala. Aliyekuwa ameng'oa kila kitu angekula nini?

Njoo mwezi wa nane, kahawa ikiwa inaiva kwa wingi. Lete huo mchoro wa fundi tuutembeze kihambani hatua kwa hatua, na tumwite mzee wa mfongo awepo. Mke wangu anakusalimu sana, na watoto wanauliza utakuja lini. Msalimie shemeji.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.