Kuku wa Brahma: manyoya ya miguuni hayatoshi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie jambo wanaonunua kuku wa Brahma, aina ya kigeni yenye mwili mkubwa, kwa bei kubwa. Muuzaji humwinua kuku, akaonyesha miguu yenye manyoya na upanga wa kichwani mfupi wa safu tatu, na biashara ikaishia hapo. Kumbe alama hizo mbili ndizo ambazo hata chotara huzirithi. Jogoo wa Brahma akimpanda kuku wa kienyeji, karibu vifaranga wote hutoka na manyoya kiasi miguuni na upanga uliolala.

Tofauti iko kwenye wingi. Kwa Brahma halisi manyoya hufunika upande wote wa nje wa muundi na kushuka hadi kwenye kidole cha nje na cha kati. Chotara muundi wake huwa na nyoya mojamoja, na kidole cha kati ni kitupu. Upanga wake nao husimama juu kidogo kuliko wa Brahma halisi. Kifaranga mwenye upanga wa safu moja, au miguu myeusi badala ya njano, mwache papo hapo hata kama ana miezi miwili tu.

Rangi ni habari nyingine, na kwa umri huo haihukumiki. Brahma hukua polepole na hupukutisha manyoya ya utotoni zaidi ya mara moja. Kabla ya miezi sita hivi, anayekuhakikishia rangi anabahatisha. Hasa tembe wa kijivu: ile mistari myembamba inayofuata ukingo wa nyoya, mmoja ndani ya mwingine, hutulia anapovaa manyoya ya ukubwani.

Wengi hupenda mweupe mwenye shingo nyeusi, ambaye pamoja na wa kijivu aliingizwa katika vipimo rasmi vya Marekani mwaka 1874 (wa dhahabu alifuata 1924). Mtazame nje kivulini, si chini ya taa. Kila nyoya la shingoni liwe jeusi katikati na ukingo mweupe usiokatika. Mkia mweusi ung'ae kijani. Michirizi ya zambarau ni kasoro. Kisha pulizia manyoya ya mgongoni uone malaika, yaani manyoya laini ya chini. Wanunuzi wengi hushtuka wakikuta rangi ya majivu, lakini hiyo si dosari, na mara nyingi huenda pamoja na shingo yenye weusi uliokolea. Dosari ni madoa meusi yanayojitokeza juu ya mgongo.

Umanjano juu ya kuku mweupe ndio unaowatia watu hasara, kwa sababu una vyanzo viwili visivyofanana. Jua huunguza sehemu iliyo wazi tu: inua nyoya la juu, na ukikuta sehemu iliyofunikwa ni nyeupe safi, nyoya jipya litaota jeupe. Lakini jogoo mwenye umanjano mabegani na kiunoni hata akifugwa kivulini, mshuku kwamba amebeba damu ya dhahabu. Jogoo anaweza kubeba weupe na dhahabu kwa pamoja, jike hawezi; jike ana moja tu na huionyesha. Jogoo wa namna hiyo, hata apewe majike meupe matupu, takriban nusu ya mabinti zake watatoka wa dhahabu. Kwa hiyo ukichagua wazazi, mkague jogoo kwa ukali kuliko majike.

Ubora wa nyoya huonekana ukifungua bawa. Nyoya zuri ni pana, uti wake imara, na nyuzi zake hushikana tena ukizipitishia kidole. Mstari hafifu unaokatiza manyoya kadhaa kwa usawa mmoja unaonyesha kwamba kuku aliugua au alikosa chakula nyoya likiwa linaota. Nyoya ni protini karibu lote, tena protini yenye salfa, kwa hiyo wakati wa kupukutisha chakula kiwe na protini ya asilimia 16 hadi 18. Pumba ya mahindi peke yake haifiki hapo. Ongeza dagaa na mashudu ya alizeti. Nyoya lililovunjika halikui mpaka msimu wa kupukutisha, ila lililong'oka huota tena baada ya wiki kadhaa.

Manyoya ya miguuni huharibiwa zaidi na tope na maranda mabichi. Weka maranda makavu ya sentimita 8 hivi na ubadilishe yanapolowa. Magamba yakiinuka na kuota ukoko mweupe, huo ni utitiri wa miguu, nao hujificha vizuri sana chini ya manyoya ya Brahma. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni, kausha, paka mafuta mazito ya kujipaka hadi yaingie chini ya magamba, rudia kila wiki mpaka magamba yalale. Usibandue ukoko kwa nguvu. Mguu utatoka damu.

Ombi langu kwa wanaotangaza kuku hawa katika kurasa zenu: pamoja na picha ya miguu, waweke ya bawa lililofunguliwa, ya mgongo na ya wazazi wote wawili.

Mfugaji wa kuku,
Moshi