Malalamiko kuhusu kifurushi cha "Nyuma ya Pazia" cha Safari Rally, Naivasha

Mombasa,
7 Aprili 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bi Meneja,

KUH: KUREJESHEWA SH48,000

Mwezi jana niliwalipa Sh76,000 kwa simu, mimi na mpwa wangu, kwa kile mlichokiita Kifurushi cha Nyuma ya Pazia cha Safari Rally. Kifurushi chenu cha kawaida, chenye usafiri, chakula na kupelekwa kwenye mikondo (vipande vya barabara ambako magari hushindana), mlikuwa mkikiuza Sh14,000 kwa mtu. Zile Sh24,000 tulizoongeza kila mmoja zilikuwa za mambo matatu, na nayanukuu kutoka tangazo lenu: kuingia ndani ya karakana ya timu, kuwaona makanika wakilitengeneza gari, na kupiga picha ndani ya gari la mashindano jioni baada ya kazi ya siku. Hatukupata hata moja.

Nianze na hilo la picha, maana ndilo lililoniudhi zaidi. Gari la WRC, yaani mashindano ya dunia ya mbio za magari, likishamaliza matengenezo ya jioni, ambayo ni dakika 45 tu, hupelekwa kwenye egesho lililofungwa. Likishaingia humo hakuna ruhusa ya mtu kuligusa mpaka asubuhi, hata yule makanika aliyelikaza nati dakika chache kabla. Hiyo ni kanuni ya mashindano ya dunia, haikutungwa Naivasha na wala si siri. Elfyn Evans, dereva aliyeshinda Safari Rally ya 2025, asingeweza kwenda usiku kukaa kwenye gari lake mwenyewe akapigwa picha. Sasa nyinyi mliipata wapi nafasi ya kumkalisha mteja wenu humo? Aliyeandika tangazo lile ama hajui kanuni za mchezo anaouza, ama anazijua na akaona mteja hazijui.

La pili ni saa. Ijumaa mlitufikisha sevisi paki, uwanja wa timu kutengenezea magari, pale kwenye Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, yapata saa nne asubuhi. Saa hiyo magari yote yako mikondoni: Loldia, Geothermal, Kedong. Tulichokikuta ni hema kubwa, turubai limetandazwa chini likapigwa deki hadi linang'aa, jeki zimepangwa, mashine za kufungulia nati zimelazwa juu ya toroli, na katikati, mahali pa gari, patupu. Makanika wawili wanakunywa chai. Kiongozi wenu akatuambia, "Hii ndiyo nyuma ya pazia," halafu akarudi kwenye simu yake. Kabla adhuhuri haijapita tukaamriwa tupande gari, twende kula. Magari yaliingia matengenezoni tukiwa mezani tunasubiri kuku.

Bi Meneja, ratiba ya mashindano haya hupangwa kwa dakika na hutangazwa mapema. Gari likichelewa kuripoti kwenye kituo cha kukagua saa dakika moja, dereva na mwelekezi wake wanaongezewa sekunde 10, na wakitoka matengenezoni wamechelewa ni vivyo hivyo. Ndiyo sababu makanika wa pale hawana mzaha: shokabzoba zinabadilishwa, giaboksi inashushwa, vumbi linakung'utwa kwenye kila tundu, na saa inawatazama. Mtu anayelipia kuona kazi hiyo hawezi kupelekwa saa ambayo kazi haipo. Mpwa wangu anasomea umakanika katika chuo cha kiufundi. Safari yote hii ilikuwa kwa ajili yake, na niliwaeleza hivyo kwa maandishi nilipokuwa nalipa. Ujumbe huo na jibu lenu la "karibu sana, atafurahi" nimeviambatisha.

La tatu, kuingia karakana. Bangili za plastiki mlizotuvisha mkononi zilitufikisha kwenye kamba, pale pale walipokuwa wamesimama watu wengine ambao hawakuwalipa nyinyi hata shilingi. Mlinzi alizitazama, akatuambia kwa adabu kwamba ndani ya hema huingia mgeni wa timu mwenye pasi ya timu. Sina ugomvi naye, alikuwa kazini. Kiongozi wenu alijaribu kumvuta kando na kunong'ona naye, jambo lililonitia aibu mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yake na risiti.

Na niseme pia: kama kijana amejifunza kitu Ijumaa ile, alifunzwa bure. Mmoja wa wale wanywa chai alimwona anavyochungulia, akasogea na kikombe chake hadi kwenye kamba. Akamweleza lile bomba la kuvutia hewa, snokeli, linalopandishwa hadi usawa wa paa ili injini isimeze maji wala lile vumbi laini la Naivasha linalofunika mawe barabarani dereva asiyaone. Walizungumza hadi kikombe kikaisha. Mazungumzo hayo hamkuyapanga nyinyi, kwa hiyo tafadhali msiyahesabu kama sehemu ya kifurushi, kama alivyojaribu kufanya mhudumu wenu kwenye simu.

Wazee wetu hawakuhitaji bangili. Enzi za madereva akina Joginder Singh na Shekhar Mehta magari yalikuwa yakitengenezwa kando ya barabara, na mwanakijiji aliyeamka mapema aliona kila kitu akiwa amesimama hatua chache tu kutoka kwenye jeki. Siku hizi mambo yamefungwa, naelewa, timu zina siri zake na usalama nao ni jambo. Lakini mlango ukishafungwa, wa kuuza nafasi ya kuingia ni yule mwenye ufunguo. Nyinyi hamkuwa nao, na mliniuzia mbuzi kwenye gunia.

Nilipopiga simu Jumatatu nilipewa majibu mawili. Kwanza, kwamba timu "zilibadilisha mipango dakika za mwisho". Nikaomba nitajiwe ni timu gani iliyokuwa imekubali kutupokea, au nionyeshwe barua pepe yoyote kutoka kwao. Mpaka leo kimya. Pili, nikaahidiwa punguzo la asilimia 30 kwenye kifurushi hicho hicho mwakani. Silitaki. Siwezi kununua mara ya pili, hata kwa bei nafuu, kitu ambacho hamna.

Kwa upande mwingine, Jumapili kwenye mkondo wa Hell's Gate mlifanya kazi yenu. Dereva alituamsha alfajiri tukaingia kabla barabara haijafungwa, mahali tulipokaa palikuwa salama, na kila gari tuliliona likija tangu mbali. Chakula kilitosha. Ndiyo sababu sidai zile Sh14,000 za kila mmoja, hizo mlizifanyia kazi. Ninachodai ni Sh24,000 za ziada mara mbili, yaani Sh48,000.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi anachokinunua, na Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012 inakataza kuuza huduma kwa maelezo ya uongo. Sitaki kufika huko, lakini nimeshauliza utaratibu wa Mahakama ya Madai Madogo, na deni kama hili linaingia vizuri ndani ya kiwango chake.

Nawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Pesa zirudishwe kwenye namba ile ile iliyolipa, si kwa vocha. Tangazo lile nalo liondolewe, au liandikwe upya liseme kweli: kwamba mteja atafika kwenye kamba ya sevisi paki, na saa atakayofika itajwe, ili ajue kama magari yatakuwepo.

Nimeambatisha risiti ya malipo, nakala ya tangazo kama lilivyokuwa siku niliyolipa, ujumbe tulioandikiana, na picha ya hema tupu yenye saa iliyopigwa.

Wenu,
Mteja (jina na sahihi katika nakala ya posta)