Kukadiria chenji kusiwe kupandisha tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloonekana dogo kwa kuwa linahesabika kwa shilingi hamsini hamsini, ingawa linajirudia kila siku kwenye kaunta za maduka hapa mjini.

Juma lililopita nilinunua sabuni ya shilingi 1,180, pakiti ya majani ya chai ya 2,290 na chumvi ya 780. Keshia alizitaja kwa sauti moja baada ya nyingine, "elfu moja na mia mbili, elfu mbili na mia tatu, mia nane," akanidai 4,300. Risiti ya EFD, yaani ile mashine ya kodi, aliyonikabidhi ilisoma 4,250. Kiasi hicho hakikuhitaji kukadiriwa hata kidogo, maana sarafu ya shilingi 50 ni fedha halali na nilikuwa nayo mfukoni. Nilipomwonyesha, alinijibu kwa upole, "Mzee wangu, hapa tunakwenda kwa mia mia," kisha akanisogezea pipi mbili.

Simlaumu binti yule, kwani sarafu za shilingi 5, 10 na 20 zimeadimika mikononi mwa watu siku nyingi, na bei inayoishia na 80 au 90 hailipiki taslimu bila kusogezwa. Ninacholalamikia ni kwamba inasogezwa upande mmoja tu. Shule ya msingi tulifundishwa kuwa, tukikadiria kwa mia iliyo karibu, 4,240 huwa 4,200 na 4,260 huwa 4,300. Anayezipandisha zote mbili hajakadiria, ameongeza bei. Isitoshe, kinachopaswa kukadiriwa ni jumla, tena mara moja, si kila bidhaa peke yake, kwa sababu shilingi 20, 10 na 20 nilizoongezewa kwenye bidhaa zangu tatu ndizo zilizozaa hamsini ya ziada ambayo jumla yenyewe haikuihitaji. Na hamsini hiyo haimo kwenye risiti: kodi imehesabiwa kwa 4,250, droo imepokea 4,300. (Mama wa genge naye hana sarafu, lakini kwake chenji ikikosekana huwa natoka na ndimu ya nyongeza.)

Kanada ilipoacha kusambaza sarafu ya senti moja mwezi Februari 2013, utaratibu uliowekwa ulikuwa wazi: jumla baada ya kodi husogezwa kwenye senti tano zilizo karibu, juu au chini, na kwa malipo ya taslimu pekee, ilhali anayelipa kwa kadi hutozwa kiasi kamili. Sioni kinachotuzuia kufanya vivyo hivyo, hasa wakati huu ambapo malipo ya simu hayahitaji sarafu yoyote na yanaweza kutumwa hadi shilingi ya mwisho.

Ninaiomba Tume ya Ushindani iyatake maduka yabandike kanuni yao ya kukadiria mahali ambapo mteja ataiona kabla ya kutoa fedha, na kiasi kilichoongezwa au kupunguzwa kionekane kwenye risiti kwa mstari wake. Benki Kuu nayo ituambie sarafu za hamsini zinakwamia wapi, kwa maana keshia yule, nilipochungulia droo yake, hakuwa na hata moja.

Msomaji wako,
Morogoro